Rekodi Ndogo Ndani ya Diski: Historia ya RAID ya Programu na Uokoaji wa Data Zake

Diski tano zikichomolewa kwenye seva iliyokufa na kupangwa mezani, mara nyingi data bado zimo ndani, kila biti mahali pake. Kinachoweza kukosekana ni maelezo machache: diski ipi ilikuwa ya kwanza na ipi ya tatu, data zilikatwa vipande vya ukubwa gani, zilianzia sekta ya ngapi, na ni ipi kati ya hizo tano iliyokuwa imeachwa nyuma na wenzake kabla ya ajali. Maelezo hayo hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari. Yakipotea, kazi ya watu ya miaka mingi hubaki rundo la namba zisizosomeka.

Hiyo ndiyo metadata ya safu ya diski. Na historia ya RAID ya programu, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja kwa kutumia programu, nionavyo mimi, ni historia ya swali moja lililoulizwa tena na tena kwa zaidi ya miaka thelathini: rekodi hiyo ikae wapi, na mashine iiamini kwa kiasi gani? Kila jibu lilizaliwa na machungu ya jibu lililotangulia. Msimamizi wa seva anayeujua mfuatano huo ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa data siku mambo yanapoharibika, kwa sababu safu nyingi hazifi kwa diski kuharibika. Zinakufa kwa yale yanayofanywa katika saa ya kwanza baada ya diski kuharibika.

1956–1987: Diski moja kubwa

Diski ya kwanza kuuzwa, iliyokuja na mashine ya IBM 305 RAMAC mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5. Kwa miongo mitatu iliyofuata njia ya kupanua hifadhi haikubadilika: tengeneza diski kubwa zaidi, imara zaidi na ghali zaidi. Aliyetaka usalama alinunua mbili na kuandika kila kitu mara mbili. Kampuni ya Tandem ilijenga jina lake katika miaka ya 1970 kwa mashine za namna hiyo, zilizokusudiwa wateja ambao hawakuweza kuvumilia kusimama kwa kazi.

Kutumia hesabu badala ya nakala kamili lilikuwa wazo la watu kadhaa. Mwaka 1978 Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza nchini Marekani kwa mfumo wa kurudisha data za kifaa kilichoharibika kwa kutumia vifaa vilivyobaki. Msingi wake ni pariti. Chukua biti moja kutoka kila diski, mahali pamoja. Idadi ya moja ikiwa shufwa, andika 0 kwenye diski ya ziada. Ikiwa witiri, andika 1. Diski yoyote ikifa, biti zake hupatikana kwa kuzihesabu zile zilizobaki. Diski moja ya ziada inaweza kulinda nne, au saba, bila kurudufu chochote. Tena hesabu hii haijali diski ipi imetangulia na ipi imefuata, jambo ambalo uzito wake utaonekana tukifika kwenye uokoaji.

Berkeley, 1987–1989

Katikati ya miaka ya 1980 kompyuta za mezani zilizaa diski ndogo za bei nafuu. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijiuliza kama nyingi za hizo, zikifanya kazi pamoja, zingeweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa. Ripoti yao ilitoka Desemba 1987, na makala ikawasilishwa kwenye mkutano wa SIGMOD mjini Chicago mwaka 1988. Waliiweka IBM 3380, diski ya mashine kubwa, upande mmoja, na diski ya Conner CP3100 ya megabaiti 100 upande wa pili.

Hesabu ya kasi na bei iliwapendelea wadogo. Hesabu ya uimara iliwakataa. Diski zenye wastani wa kuishi saa 30,000, ukiziweka 100 pamoja, mojawapo itakufa kila baada ya saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Hapo ndipo pariti ilipoacha kuwa nyongeza na kuwa sharti. Makala ilipanga njia tano za kujilinda na kuziita viwango, kuanzia cha 1, ambacho ni nakala kamili, hadi cha 5, ambacho huizungusha pariti kwenye diski zote ili isiwepo hata moja inayobeba mzigo wa uandishi peke yake.

Mwaka 1989 Berkeley walikuwa na mfano wa kwanza unaofanya kazi, RAID-I: kompyuta ya Sun 4/280 yenye kumbukumbu ya megabaiti 128, diski 28 za inchi 5.25, na programu maalumu ya kugawa data katika diski hizo. RAID ya kwanza ya Berkeley, basi, iliendeshwa na programu. Vidhibiti vya gharama kubwa, vifaa maalumu vya kuendesha safu ya diski, vilivyokuja kutawala soko vilifuata baadaye.

Miaka ya 1990: mpangilio ukiwa nje ya diski

Vidhibiti hivyo viliandika metadata kwa namna ambayo kila kampuni iliifanya siri yake. Kidhibiti kikiungua, mwenye data alitafuta kingine cha aina ileile, wakati mwingine cha toleo lilelile, na asipokipata alikwama huku diski zake zikiwa nzima kabisa. Hasira ya jambo hili iliwasukuma wengi kwenye RAID ya programu, lakini huko nako kulikuwa na mtego wake.

Windows NT, iliyotoka 1993, iliweza kuunganisha diski kwa programu, ila maelezo ya muungano huo yalikaa kwenye rejista ya mfumo wenyewe. Mfumo ukiharibika na kusakinishwa upya, diski zilikuwepo na hakuna aliyejua zilihusianaje. Microsoft ilibadili njia katika Windows 2000: kwa teknolojia kutoka kampuni ya Veritas, kila diski ilitengewa megabaiti 1 mwishoni ili kubeba maelezo ya kundi zima.

Linux ilipita njia hiyohiyo. Msimbo wa kwanza wa md, sehemu ya kerneli inayounganisha diski, uliandikwa na Marc Zyngier na kuingia katika toleo la 2.0 la Juni 1996. Uliweza kuzipanga diski mfululizo, moja ikiishia nyingine ikianza, au kuzigawia data kwa zamu. Mpangilio uliandikwa katika faili /etc/mdtab, na amri mdadd na mdrun ziliisoma kila mashine ilipowashwa. Faili hiyo ilizitaja diski kwa majina yaliyotolewa na kerneli, na majina hayo yalifuata mpangilio wa kugunduliwa. Ukichomoa diski ya pili, ya tatu ilirithi jina lake. Faili ilibaki inasema kweli ya jana, na safu iliyounganishwa kwa kweli ya jana ilichanganya data kimyakimya.

Miguel de Icaza, Gadi Oxman na Ingo Molnar waliongeza viwango vya 1 na 5, kisha Molnar akaiandika upya md yote kuelekea mwisho wa muongo. Zana zake, raidtools, zilikuja na faili jipya, /etc/raidtab, na amri ya kuunda safu, mkraid. Ukiilazimisha, mkraid ilikuonya kwamba kama faili haliendani na mpangilio halisi wa diski, huenda ukafuta kila kitu. Onyo hilo lilikiri udhaifu mzima wa enzi ile: kweli ilikuwa sehemu mbili, na ile ya kwenye faili iliweza kuishinda ile ya kwenye diski.

Superbloki ya 0.90

Kazi ya Molnar ilileta jibu lililodumu: kila diski ijieleze yenyewe. Superbloki ya toleo la 0.90 ni rekodi ya kilobaiti 4 inayokaa karibu na mwisho wa diski, ikiwa imesogezwa hadi mpaka wa kilobaiti 64, kwa hiyo huwa angalau kilobaiti 64 na chini ya kilobaiti 128 kutoka ukingoni. Huanza na namba maalumu, a92b4efc, inayoitambulisha. Baada ya hapo huja kitambulisho cha safu kinachofanana kwenye diski zote, kiwango cha RAID, idadi ya diski, ukubwa wa vipande, nafasi ya diski hii, na namba moja ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote: hesabu ya matukio.

Hesabu hiyo huongezeka kila hali ya safu inapobadilika, kwa mfano inapowashwa, inapozimwa au diski inapotolewa. Diski iliyotupwa nje haiandikiwi tena, hivyo namba yake hugandia pale. Tuseme diski tatu zina 48210, ya nne ina 48207 na ya tano 31002. Ya nne imetoka dakika chache zilizopita na data zake karibu zote ni sahihi. Ya tano imekaa nje miezi kadhaa bila mtu kugundua, na yaliyomo ndani yake ni ya zamani. Bila namba hizo, kwa macho, diski zote tano zinafanana.

Kwa nini mwishoni? Kwa sababu za kuwasha mashine. Programu ya kuwasha mfumo ya enzi ile haikuelewa RAID. Kwenye safu ya kiwango cha 1, rekodi ikikaa mwishoni, mwanzo wa diski huonekana kama mfumo wa kawaida wa mafaili, na mashine huwaka bila kujua kuna safu. Kerneli nayo iliweza kuzitambua na kuziunganisha safu hizi yenyewe, kwa kuona tu aina ya kizigeu, fd.

Wepesi huo ulikuwa na bei yake. Diski inayoonekana ya kawaida huweza kufunguliwa na kuandikwa peke yake, na pacha wake akabaki nyuma bila safu kujua. Kizigeu cha mwisho kikifika ukingoni mwa diski, superbloki ile ile huonekana kuwa ya kizigeu na pia ya diski nzima, na mashine haina njia ya kuamua. Rekodi iliandikwa kwa mpangilio wa baiti wa mashine iliyoiunda, hivyo safu ya kompyuta ya Sparc haikusomeka kwenye Intel bila marekebisho. Na kulikuwa na ukomo wa diski 28, kila moja isizidi terabaiti 2 kwa miaka mingi.

Sydney, 2001

Neil Brown alikuwa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Mwaka 2001 alitoa zana aliyoiita kwanza mdctl, kisha mdadm. Tofauti yake na raidtools ilikuwa ya msimamo. Zana hii haikuhitaji faili la mpangilio. Iliziuliza diski zenyewe. Faili lake la usanidi likawa msaada wa kutaja kitambulisho cha safu, basi.

La pili lina uzito zaidi: Brown alitenganisha kuunda na kukusanya. Kuunda ni kuandika superbloki mpya. Kukusanya ni kusoma zilizopo na kuziwasha diski kama zinavyojieleza. Katika raidtools amri ya kuunda ndiyo ilikuwa pia njia ya kujiokoa. Katika mdadm, aliyepoteza diski mbili kwa kebo mbovu huamuru kukusanya kwa nguvu: programu hulinganisha hesabu za matukio, huchukua diski zilizokaribiana zaidi, hupandisha namba ya ile iliyochelewa kidogo, na safu huwaka. Kinachoguswa ni namba chache ndani ya metadata, na data hazisogezwi. Naamini kutenganisha huku kumeokoa data nyingi kuliko kiwango chochote kipya cha RAID.

Chini ya uangalizi wa Brown, aliyehamia baadaye SUSE, md ilikua haraka. H. Peter Anvin alileta kiwango cha 6, kinachostahimili kufa kwa diski mbili. Paul Clements aliongeza ramani ya biti inayoonyesha maeneo yaliyokuwa yakiandikwa, ili baada ya umeme kukatika mashine ilinganishe hayo tu badala ya diski nzima. Mwaka 2006, kerneli 2.6.17 iliweza kuongeza diski kwenye safu ya kiwango cha 5 ikiwa inaendelea na kazi. Hapo metadata ilibeba jukumu jipya na zito: katikati ya upanuzi, upande mmoja wa safu una mpangilio mpya na upande mwingine ule wa zamani, na ni superbloki peke yake inayojua mpaka uko wapi.

2005–2010: rekodi yahamia mwanzoni

Mfululizo wa toleo la 1 la superbloki ulikuja kuondoa vikwazo vya 0.90: mpangilio mmoja wa baiti kwa mashine zote, diski kubwa zaidi, nafasi ya jina la safu, na kitambulisho cha kila diski juu ya kile cha safu. Ulikuja na chaguo tatu za mahali. Toleo la 1.0 hukaa mwishoni, kwa ajili ya kuwasha mashine. Toleo la 1.1 hukaa mwanzoni kabisa. Toleo la 1.2 hukaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo, na kuziachia sekta za mwanzo shughuli za kuwasha.

Rekodi ikitangulia, data husogea mbele, na diski haiwezi tena kudhaniwa kuwa ya kawaida. Kati ya 2009 na 2010 mdadm ilifanya 1.2 kuwa chaguo lake la kawaida, na kipande kikakua kutoka kilobaiti 64 hadi 512. Matoleo yaliyofuata yakabadilisha pia mahali data zinapoanzia. Kwenye safu nyingi za baadaye mwanzo huo ni sekta ya 262144, yaani megabaiti 128 ndani ya diski. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri, hasa kuacha nafasi ya upanuzi. Yote kwa pamoja yaliweka mtego mmoja: safu iliyoundwa kwa mdadm ya 2008 ikiundwa upya kwa mdadm ya 2013 bila kutaja chochote, inapata vipande vya ukubwa mwingine na mwanzo mwingine. Toleo la 3.3, la 2013, lilimpa fundi uwezo wa kutaja mwanzo huo mwenyewe.

Nafasi ya 1.2 nayo haikuwa salama kabisa. Jedwali la vizigeu la GPT huchukua sekta 34 za mwanzo, kama kilobaiti 17, na superbloki iko katikati ya eneo hilo. Watu waliotumia diski nzima bila vizigeu wamekutana na programu, hata mfumo wa awali wa ubao mama, zilizodhani jedwali limeharibika, zikaliandika upya kwa nia njema na kuifuta rekodi. Ndiyo maana mafundi wengi husisitiza kuunda kizigeu kwanza hata kama safu itatumia diski yote.

Terabaiti na sekunde 30

Diski zilipopita terabaiti 1, udhaifu wa zamani ulijitokeza upya. Watengenezaji wa diski za kawaida huahidi kosa la kusoma lisilozidi moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14, kama terabaiti 12.5. Kujenga upya diski moja ya kiwango cha 5 kunalazimu kusoma nyingine zote hadi mwisho, na diski zikiwa kubwa, kukutana na sekta mbovu njiani si bahati mbaya ya ajabu tena.

Pana tatizo la muda pia. Diski ya bei nafuu ikikuta sekta mbovu huweza kuhangaika nayo kwa zaidi ya dakika, wakati kerneli ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha huihesabu kuwa imekufa na md huitoa. Diski za seva hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia safu irekebishe kwa pariti. Mchoro wa /proc/mdstat, mahali Linux inapoonyesha hali ya safu, unaosomeka [UUU__], alama mbili zikiwa zimepotea, mara nyingi unaeleza diski mbili zilizo hai zilizochelewa kujibu.

2012: rekodi zafutwa na mlinzi wake

Katika nusu ya kwanza ya 2012 jambo lisilotarajiwa lilitokea. Badiliko lililokusudiwa kuzuia kerneli isianguke wakati wa kuzima mashine liliingizwa katika majaribio ya Linux 3.4, na kurudishwa katika matoleo ya mifululizo ya 3.2 na 3.3 yaliyokuwa tayari mikononi mwa watu. Lilikuwa na tundu. Mashine ikizimwa wakati safu imekusanywa lakini bado haijawashwa, md iliandika metadata kwenye diski kutoka kumbukumbu ambayo ilikuwa haijajazwa. Kiwango cha RAID, ukubwa wa vipande, idadi ya diski, mahali data zinapoanzia na nafasi ya kila diski, vyote vilifutwa.

Hitilafu haikuonekana mashine ikiwa inafanya kazi. Ilijitambulisha asubuhi iliyofuata, safu ilipokataa kuwaka. Data zenyewe hazikuguswa hata baiti moja. Brown alirekebisha msimbo, akaeleza hadharani kilichotokea na namna ya kujinasua. Aliyekuwa amehifadhi maelezo ya safu yake alirudi kazini upesi. Asiyekuwa nayo alianza kubahatisha.

Tukio hili naliona kuwa kipimo cha kweli cha wazo lililoanza na 0.90. Kila diski kujieleza ni ulinzi mkubwa dhidi ya faili lililopitwa na wakati, lakini nakala zote za maelezo huandikwa na mkono mmoja, kwa wakati mmoja. Mkono huo ukikosea, zinakosea zote. Ripoti ya mdadm ya kila diski, ikiwa imenakiliwa kwenye mashine nyingine au hata kuchapwa kwenye karatasi, ndiyo ingekuwa nakala pekee iliyo nje ya mkono huo.

Namna safu inavyofufuliwa

Metadata ikishafutwa, njia iliyobaki ni kuunda safu upya juu ya ile ya zamani, kwa vigezo vilevile, huku ukiiambia mdadm isilinganishe chochote na kuichukulia kuwa safi. Superbloki mpya huandikwa na data hubaki zilivyo. Vigezo vikiwa sahihi, mfumo wa mafaili hutokea. Visipokuwa sahihi, unajaribu vingine. Mpangilio wa diski 5 una njia 120. Wa diski 8 una 40,320, kabla hujagusa ukubwa wa vipande wala mwanzo wa data.

Hatari iko kwenye jaribio linaloelekea kufanikiwa. Diski ya kwanza ikiwa mahali pake na nyingine zikiwa zimebadilishana, mwanzo wa mfumo wa mafaili huonekana vizuri, jina lake husomeka, pengine hata hufunguka. Fundi aliyechoka huamini amefika na kuendesha ukarabati wa mafaili. Programu hiyo hukuta majedwali yasiyoeleweka kila upande na kuanza "kuyarekebisha", yaani kuandika upuuzi juu ya data zilizokuwa salama. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, na waliobobea huweka juu ya kila diski faili la kufunika kwa kutumia device mapper, sehemu nyingine ya kerneli: kila kinachoandikwa huenda kwenye faili, na diski halisi haiguswi. Jaribio likishindwa, faili hufutwa na kazi huanza upya, hata mara elfu.

Wapo walioharakisha, wakaunda kiwango cha 5 kwa mpangilio usio sahihi bila kuizuia mdadm isijenge upya diski ya mwisho, na bado data zikapona. Sababu ni ile tabia ya pariti: kwa kuwa haijali mpangilio, diski iliyohesabiwa upya kutoka kwa wenzake walio sahihi hupata biti zilezile ilizokuwa nazo. Kinga hiyo hutoweka mara diski ya zamani, ile ya 31002 katika mfano wetu, inapoingizwa kati ya wanaohesabiwa. Hapo diski nzima na nzuri huandikwa upya kwa hesabu iliyochanganya data za leo na za miezi iliyopita. Kiwango cha 6 hakina kinga hiyo kabisa, maana hesabu yake ya pili hutegemea nafasi ya kila diski.

Baada ya 2005: majibu mengine

Sun ilipoitoa ZFS, mfumo wake wa mafaili, mwaka 2005, kazi iliyoongozwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, ilichukua msimamo mkali zaidi kuhusu mahali pa rekodi: nakala nne kwenye kila diski, kila moja kilobaiti 256, mbili mwanzoni na mbili mwishoni. Pia ilizika tatizo la kale la kiwango cha 5, pale umeme unapokatika data zikiwa zimeandikwa na pariti bado, kwa kutoandika kamwe juu ya data zilizopo.

Linux ilichukua muda zaidi. Kerneli 4.4, ya Januari 2016, ilileta daftari la kando linaloandikwa kabla ya safu yenyewe, kazi ya Shaohua Li na wenzake, na mwaka 2017 toleo la 4.12 likaongeza njia ya kuhifadhi sehemu ya pariti ndani ya diski zilezile. Kufikia hapo Brown alikuwa ameachia ngazi. Li aliichukua md na Jes Sorensen akachukua mdadm. Li alifariki mwishoni mwa 2018, na Song Liu akaendelea.

Mwaka 2024 kerneli 6.8 iliondoa njia ya kupanga diski mfululizo, ile iliyokuwa ya Zyngier, kwa hoja kwamba device mapper inaifanya kazi hiyo. Watu waliopandisha toleo walikuta diski zao nzima, superbloki zimo na zimekamilika, na kerneli haina tena msimbo wa kuziendesha. Mbadala uliotajwa haubebi rekodi yoyote kwenye diski. Unahitaji kuambiwa mpangilio kutoka nje kila mashine inapowashwa, kama ilivyokuwa kwa /etc/mdtab. Mwanzoni mwa 2025 msimbo ule ulirudishwa, katika mfululizo wa 6.14, na safu hizo zikawaka tena kwa rekodi zilezile zilizokuwa zimeandikwa ndani yake.